Mtoto Anayejificha Katika Sauti za Wenzake: Kujifunza Kusoma Voi na Taita Taveta



Mtoto akilelewa Mgange, Taita, kati ya watu wanaosema Kidawida, lugha ya Wataita, atakisema kabla hajafika umri wa kwenda shule. Hatahitaji ubao wala mwalimu. Kusoma hakuji hivyo. Binadamu wamesema tangu zamani zisizohesabika, lakini maandishi yana umri wa miaka kama elfu tano tu, na kwa sehemu kubwa ya muda huo yalikuwa mali ya wachache. Ubongo haukuumbwa na chumba cha herufi. Mwanasayansi wa Ufaransa, Stanislas Dehaene, ameonyesha kwa picha za ubongo kwamba mtu anapojifunza kusoma, sehemu ndogo ya nyuma upande wa kushoto, ambayo kazi yake ilikuwa kutambua nyuso na vitu, hupewa kazi mpya ya kutambua herufi na kuziunganisha na sauti. Kazi hiyo haifanyiki yenyewe. Ni lazima mtu aifanye pamoja na mtoto, hatua kwa hatua.

Naanza na hili kwa sababu maneno tunayowatwika watoto wasiosoma ni mazito mno. Tunawaita wajinga, wavivu, vichwa vigumu. Mtoto wa miaka saba akiandika b mahali pa d, tunaona dalili ya uzito wa akili. Hebu tumtazame vizuri. Tangu azaliwe amejifunza kwamba kitu hakibadiliki kikigeuzwa: ndovu akielekea Sagalla au akielekea Tsavo ni ndovu yuleyule. Leo tunamwambia kwamba umbo lile lile likitazama kulia ni b, likitazama kushoto ni d. Tunamtaka aache kanuni iliyomfaa maisha yake yote. Karibu kila mtoto hukosea hapo mwanzoni, na wengi huacha bila tiba yoyote wakipata mazoezi ya kutosha.

Sasa nichukue jina ambalo kila mtu katika ukumbi huu analijua: Mghoi. Jina la mtoto mwenyewe mara nyingi ndilo neno la kwanza analotamani kulisoma. Mghoi ana herufi tano na sauti nne. M inasimama peke yake kama silabi, gh ni sauti moja iliyopewa herufi mbili, kisha o, kisha i. Chati iliyobandikwa ukutani inamwonyesha g ya gari na h ya hema. Akizichukua hizo na kuziunganisha, hapati jina lake. Mwalimu asipomweleza kwamba hapa g na h zimeshikana kutoa sauti moja, mtoto atahitimisha kwamba herufi hazina kanuni na kwamba kusoma ni kukariri. Akielezwa, yumo salama, kwa sababu gh haitamsaliti tena. Itakuwa ileile katika ghali, katika lugha, katika Mghanga na katika Mwaghania.

Mtoto huyohuyo, wiki hiyohiyo, ana kitabu cha Kiingereza mkononi. Humo gh ya night haisemwi kabisa, ya laugh ni f, ya ghost ni g. Hakuna mwalimu duniani anayeweza kumpa kanuni moja itakayomtosha. Watafiti wakiongozwa na Philip Seymour walilinganisha watoto wa nchi mbalimbali za Ulaya mwishoni mwa mwaka wa kwanza wa kufundishwa kusoma, wakachapisha matokeo mwaka 2003. Watoto wa Kifini na Kigiriki, ambao lugha zao huandikwa karibu kama zinavyotamkwa, walisoma kwa usahihi zaidi ya maneno 90 katika kila 100 ya kawaida. Watoto wa Uskoti waliokuwa wakisoma Kiingereza walipata kama theluthi moja tu. Akili za watoto hazikutofautiana. Ugumu ulikuwa katika tahajia.

Kiswahili kiko upande wa Kifini, na Kidawida kadhalika. Tuna mlango mpana, lakini tumezoea kuwapitisha watoto dirishani.

Sidai kwamba tahajia nyoofu inamaliza shida. Alcock na Ngorosho, waliochunguza watoto wa Tanzania mwaka huohuo wa 2003, walionyesha kwamba hata kuandika Kiswahili kwa usahihi si jambo jepesi. Maneno yetu ni marefu. Hawakutusomea ni neno moja lenye silabi saba, na Kiingereza kingetumia maneno sita kusema habari hiyo. Ndiyo maana kiwango cha taifa kilichowekwa Kenya kwa mtoto anayesoma vizuri ni maneno 45 kwa dakika kwa Kiswahili na 65 kwa Kiingereza. Mzazi akiona 45 asidhani mtoto wake ni mzito katika Kiswahili.

Mwaka 1986 Philip Gough na William Tunmer walitoa hoja ambayo bado naiona kuwa msingi wa somo hili. Kusoma, walisema, ni kuzidisha vitu viwili: uwezo wa kugeuza herufi kuwa sauti, mara uwezo wa kuelewa lugha inayosemwa. Kimoja kikiwa sifuri, jibu ni sifuri. Hapa Pwani hatukuhitaji kwenda mbali kuliona. Mtoto wa madrasa hufunzwa herufi na irabu zake, moja baada ya nyingine, mpaka anasoma ukurasa wa Juzuu Amma bila kosa ilhali Kiarabu hakijui. Kisomo kile kina makusudio yake na nakiheshimu. Kwa somo letu kinathibitisha jambo kubwa: kugeuza herufi kuwa sauti kunaweza kufundishwa kwa watoto wengi mno, wakiwa wadogo, bila vifaa vya gharama, mradi kila mmoja anasikilizwa mbele ya mwalimu wake. Kuelewa ni kazi ya pili, na hiyo inahitaji lugha ambayo mtoto anayo. Benjamin Piper na wenzake walipolinganisha usomaji wa watoto wa Kenya katika lugha kadhaa, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016, waliona kwamba wengi walisoma Kiingereza kwa kasi zaidi kuliko Kiswahili lakini wakakielewa kwa kiasi kidogo zaidi. Sauti nzuri, maana haipo.

Nirudi darasani, kwa sababu hapo ndipo mtoto anapopotea. Mwalimu wa gredi ya pili ana watoto wengi na kipindi cha nusu saa. Anasoma sentensi, darasa zima linairudia. Anasoma tena, linarudia kwa nguvu zaidi. Kwa nje unasikia shule inayosoma. Ingia, ukae kando ya mtoto mmoja pale nyuma. Kidole chake kipo kwenye mstari wa tatu wakati wenzake wako kwenye wa tano, na mdomo wake uko sawa nao kabisa. Mwombe asome ukurasa huo peke yake: anausoma wote, kwa mkazo uleule wa mwalimu. Funika picha kwa kiganja: bado anausoma. Sasa muonyeshe neno la mwisho peke yake, ukiwa umeyaficha yaliyotangulia. Kimya. Au mwandikie neno lisilo na maana, gamo au tefu, ambalo hakuna wa kumkaririsha. Anakutazama usoni kutafuta jibu. Mtoto huyu ana kumbukumbu bora kuliko ya wengi wetu humu, na ameitumia kwa miaka miwili kuficha kwamba hajui kusoma. Kitabu kitakapokuwa kirefu kuliko kumbukumbu yake, kwa kawaida gredi ya nne, ataonekana kama mtoto aliyeanguka ghafla.

Jirani zetu wa Kwale wametusaidia kuliona jambo hili kwa ushahidi. Margaret Dubeck, Matthew Jukes na George Okello waliandika mwaka 2012 juu ya madarasa ya chini ya Pwani ya Kenya, wakaona kwamba walimu walitumia muda mwingi kukuza lugha ya mdomo na kurudia maneno mazima, na muda mchache sana kuunganisha herufi na sauti yake. Hawakuwa walimu wavivu. Walikuwa wakifundisha kama walivyofundishwa wao, na kama mitihani ilivyowataka. Baadaye, katika shule za eneo hilohilo, walimu walipewa mafunzo, miongozo ya masomo na ujumbe mfupi wa simu wa kuwatia moyo na kuwakumbusha. Watoto wao wakasoma vizuri zaidi kuliko wa shule zilizoendelea kama zamani.

Tathmini za Uwezo, zilizoanza Kenya mwaka 2009 kwa kuwafuata watoto majumbani, zilikuwa zimekwisha kututia aibu inayostahili: katika ripoti za mwanzo, watoto wapatao watatu tu katika kila kumi wa darasa la tatu waliweza kusoma hadithi ya darasa la pili. Mradi wa Tusome, ulioenea nchi nzima mwaka 2015, ulimpa kila mtoto kitabu chake na kila mwalimu mwongozo. Mimi husifu zaidi jambo moja dogo ndani yake. Afisa wa mtaala alipomaliza kutazama somo, alichagua watoto watatu, akamsikiliza kila mmoja akisoma peke yake, akaandika alichosikia kwenye tableti. Hapo serikali ilimsikiliza mtoto mmoja mmoja, badala ya kusubiri mtihani wa mwisho.

Wako watoto ambao hata wakifundishwa vizuri watasota. Mwaka 1896 daktari Mwingereza, W. Pringle Morgan, aliandika juu ya kijana wa miaka 14, mwerevu, hodari katika hesabu, ambaye hakuweza kusoma maneno mepesi. Leo hali hiyo tunaiita disleksia. Mara nyingi hurithiwa katika ukoo, na chanzo chake kwa walio wengi ni ugumu wa kupambanua sauti ndogo ndani ya neno. Siyo ugonjwa wa macho, na haihusiani na laana wala uvivu. Hapa pana mtego kwetu sisi tunaosoma lugha zilizonyooka. Heinz Wimmer, aliyechunguza watoto wa Austria wanaosoma Kijerumani, aligundua kwamba katika lugha yenye tahajia nyoofu mtoto mwenye disleksia hatimaye husoma kwa usahihi, ila polepole kwa taabu kubwa. Kwa hiyo mwalimu wetu anayetafuta makosa hatamwona. Amsikilize mtoto anayefika mwisho wa sentensi akiwa amechoka, amesahau ilianzaje.

Kabla ya kufikia jina hilo la disleksia, tuangalie mengine yaliyo karibu. Mtoto asiyeona ubao, mtoto ambaye masikio yake yanatoa usaha kila msimu, mtoto aliyekuja na njaa mwaka wa ukame. Na katika vijiji vinavyopakana na Tsavo yupo mtoto anayekosa shule kwa sababu ndovu wamelala njiani. Siku tatu alizokosa zinaweza kuwa ndizo siku ambazo darasa lilifundishwa ng na ng'. Hakuna anayemrudishia siku hizo.

Na kuhusu lugha ya kuanzia kufundishwa, sera tunayo tangu zamani. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza mtoto aanze kufundishwa kwa lugha ya eneo lake, na vitabu vya Tujifunze Kusoma Kikwetu vilibeba fikra hiyohiyo. Ninachoona ni kwamba tunaitekeleza kwa hofu. Mzazi anaamini kila saa ya Kidawida ni saa iliyoibwa kutoka kwa Kiingereza. Ukweli ni kwamba mtoto hujifunza mara moja tu kwamba herufi hubeba sauti. Akilijua hilo kwa Kidawida au Kiswahili, analihamishia Kiingereza. Hahitaji kulianza upya. Wala sitaki amri moja kwa kaunti nzima. Hapa Voi, mji wa reli na barabara kuu, Kiswahili ndicho lugha ya nyumbani kwa watoto wengi, na waanzie hapo. Werugha waanze kwa Kidawida, Sagalla kwa Kisaghala, Taveta kwa Kitaveta pale kinaposemwa, kisha Kiswahili kifuate upesi, kwa kuwa mwendo wa herufi ni mmoja.

Katiba ya 2010 ilikabidhi elimu ya awali kwa kaunti, na shule za msingi zikabaki kwa serikali ya taifa. Mtoto huvuka mpaka huo anapotoka PP2, mwaka wa pili wa elimu ya awali, kuingia gredi ya kwanza, mara nyingi katika uwanja uleule wa shule, na anayojua mwalimu wake wa awali hayavuki naye. Ombi langu kwa kaunti linahusu mpaka huo. Mwalimu wa PP2 acheze na sauti kila siku kwa lugha ya watoto: vitendawili, majina yanayoanza kwa sauti moja, kupiga makofi kwa kila silabi. Hayo hayahitaji bajeti. Kisha kabla ya mwaka wa shule kwisha, amketishe kila mtoto peke yake kwa dakika tano. Je, anaweza kusema jina lake linaanza kwa sauti gani? Anajua sauti za herufi ngapi? Anasikia na kuona vizuri? Majibu yaandikwe kwenye karatasi moja na mwalimu wa gredi ya kwanza aipokee mkononi siku ya kwanza shule inapofunguliwa Januari.

Mtoto atakayekuwa bado anasota mwishoni mwa muhula wa pili apelekwe kwenye kituo cha tathmini cha EARC. Vituo hivyo vipo nchini tangu 1984, na wazazi wengi huvijua kama mahali pa watoto wasioona au wasiotembea tu. Walimu wakuu waliopo hapa leo wanaweza kuwaeleza wazazi katika mkutano wa kwanza wa mwaka kwamba mtoto asiyesoma naye ana haki ya kuchunguzwa huko. Na nyumbani, nyanya asiyejua herufi hata moja anaweza kumwambia mjukuu amsomee ukurasa ambao hawajausoma darasani, kisha amuulize umesema nini. Akijibu, anasoma. Asipojibu, nyanya amwambie mwalimu kesho yake asubuhi.