Majina Yanapofanana

Ukisimama Shimo la Mungu, pale Newala, ukamwuliza mwenyeji Msumbiji iko wapi, hatakuchorea ramani. Atanyoosha mkono kuvuka bonde la Ruvuma, nawe utaelewa. Hata mtoto hunyoosha kidole kabla hajajua kusema.

Simu zetu zililijua jambo hilo, kisha zikalisahau. Zile za zamani zilizotumia mwanga wa infraredi zilitaka kuelekezwa uso kwa uso; ukizigeuza, mawasiliano yanakatika. Ikaja Bluetooth, iliyopewa jina la utani la Harald, mfalme wa Denmark wa karne ya 10. Hii haitaki kuelekezana. Hutafuta kila simu iliyo wazi ndani ya mita 10 hivi, ikakuletea orodha ya majina.

Hapo ndipo nilipokwama. Nilikuwa stendi ya Masasi nikisubiri gari la kupanda Newala, nikataka kumpa shemeji picha ya cheti cha hospitali cha mama. Yakaja majina matatu yanayofanana, maana wengi wetu hatubadilishi jina la kiwandani.

"Shemeji, yako ipi?"

"Hiyo hiyo."

Nikabonyeza. Kijana wa benchi la nyuma, ambaye simu yake ilimwuliza naye akakubali, akasema kwa adabu: "Mzee, mbona ugonjwa wa mama umenitumia mimi?" Aliifuta mbele ya macho yangu. Mwingine asingeifuta.

Mafundi nao wameliona tatizo hilo. Mwaka 2019 kampuni ya Apple ilitoa iPhone 11 yenye kijiredio kinachopima muda wa wimbi kusafiri na upande linakotoka. Katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde, wimbi huenda sentimita 30 tu. Kwa hesabu hiyo simu hujua jirani yake yuko wapi. Mwelekezee simu mwenzako mwenye simu kama hiyo, naye atatangulia kwenye orodha.

Lakini bei yake si ya kila mkulima wa korosho. Basi tufanye yale ya bure. Ipe simu yako jina lako. Zima Bluetooth ukimaliza. Na kabla ya kubonyeza, mwombe mwenzako akuonyeshe simu yake. Siri ya mama haitumwi kwa kubahatisha.