Kompyuta Moja kwa Kazi na kwa Michezo

(Hotuba iliyotolewa bwaloni, katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Katibu ameniomba nizungumzie jinsi ya kuchagua vipuri vya kompyuta itakayofaa kwa kusafisha picha na kwa michezo ya vijana. Nadhani alinichagua kwa kuwa mimi ni mpiga picha. Lakini ninayo sababu nyingine ya kusimama hapa, nayo ni deni. Nitalifikia.

Mwaka 2020 niliamua kuunda kompyuta mpya ya studio. Kijana wangu wa mwisho akaomba iweze pia kuchezea gemu za mpira na za magari. Nikaona vema. Tukaenda dukani, tukavutiwa na kadi ya picha yenye feni tatu na taa za rangi. Kadi hiyo peke yake ilimeza zaidi ya nusu ya fedha. Zilizobaki tukazigawa kama nyama ya bweni: kidogo kidogo. Pawa saplai tukachukua ya bei ya chini kabisa. Ilikuwa nyepesi mkononi kama kopo tupu, nasi hatukujiuliza kwa nini.

Sasa nieleze niliyojifunza.

Kwanza, ijue kazi kabla ya kununua. Mchezo huitumikisha zaidi kadi ya picha. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina nukta zaidi ya milioni 2, na kadi huzichora upya mara 60 au zaidi kila sekunde. Kusafisha picha huitegemea zaidi prosesa, kumbukumbu na skrini. Picha ya nukta milioni 24 ikifunguliwa kwa biti 16 huchukua kiasi cha megabaiti 144 kwa kila tabaka. Weka matabaka 10, umekwisha kupita gigabaiti 1.4 kwa picha moja tu. Kwa hiyo anayefanya kazi zote mbili namshauri achukue prosesa yenye viini 6 au 8, kadi ya picha ya daraja la kati, na ramu ya gigabaiti 32 katika vipande viwili, kwani prosesa huvitumia vyote kwa pamoja.

Pili, hakikisha vipuri vinaoana. Prosesa za AMD za soketi ya AM5, iliyotoka mwaka 2022, hutaka ramu ya DDR5. Pengo la DDR4 liko mahali pengine, hivyo hata ukisukuma kwa nguvu za kuvuta kamba haitaingia. Pima pia urefu wa kadi na nafasi iliyomo ndani ya kasha.

Tatu, skrini. Msafisha picha asiyeona rangi halisi ni mpishi asiyeonja mchuzi. Tafuta skrini ya IPS inayofikia karibu asilimia 100 ya sRGB, kipimo cha rangi kilichobuniwa na HP na Microsoft mwaka 1996.

Nne, pawa saplai. Jumlisha wati za vipuri vyote, kisha acha nafasi ya kutosha: vikila 400, nunua ya 650. Alama ya 80 PLUS hueleza tu ni umeme kiasi gani unaopotea kama joto. Haikuhakikishii kinga. Uliza kama ina kinga dhidi ya umeme unaozidi, na uweke UPS mbele yake.

Na hapa ndipo lilipo deni langu. Usiku mmoja wa mwaka 2021 umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo. Pawa saplai ikatoa moshi, ikafa pamoja na diski. Kadi yenye taa ilipona! Katika diski hiyo zilikuwamo picha zote za mkutano wetu wa 2019, wala sikuwa na nakala. Wengi mliniuliza, nikawajibu kwamba bado nazisafisha. Haikuwa kweli.

Miezi michache baadaye tulimzika ndugu yetu aliyekuwa kiranja wa bwalo hili. Mwaka ule wa 2019 nilimpiga picha jikoni, ameshika upawa, anacheka, kama zamani alipotugawia maharage. Mjane wake akanipigia simu kuiomba. Yeye ndiye wa kwanza niliyemwambia ukweli. Leo nawaambia ninyi, na naomba radhi.

Basi la tano ni nakala. Peter Krogh, mpiga picha wa Marekani, ameeneza kanuni ifaayo kukaririwa: nakala 3, katika vyombo vya aina 2, na 1 ikae nje ya nyumba. Diski ya ziada haifikii hata robo ya bei ya ile kadi yetu.

Picha nilizopiga leo, nakala yake Katibu ataondoka nayo usiku huu. Nami nina ombi moja. Kama kuna ndugu aliyempiga kiranja wetu kwa simu yake mwaka ule, hata kama picha ina giza au imetikisika, anipe. Kompyuta ninayo, na kazi ya kuisafisha naijua. Nitampelekea mama yule kwa mkono wangu mwenyewe.