Kutembea Tanga ya Kale

Wasikilizaji wangu, mgeni afikaye Tanga mara nyingi huuliza njia ya mapango ya Amboni, akaupa mji wenyewe kisogo. Hiyo ni hasara, kwani mji huu husomeka, nao husomwa kwa miguu.

Na tutoke Nguvumali, tuelekee baharini. Tutapita Ngamiani, penye barabara zilizonyoka zijulikanazo kwa hesabu: ya kwanza, ya pili, hata kupita ishirini. Walimu wa safari hii wamo barazani. Ukimwona mzee, mwamkie kwa shikamoo, uketi, umsikilize.

Mbele yake utafika kwenye reli. Simama hapo. Wadachi walianza kuijenga mwaka 1893, nayo ndiyo ya kwanza katika Tanganyika. Kwa miaka mingi ilikuwa mpaka: upande wa Ngamiani wenyeji, upande wa bandari maofisi, maduka na nyumba za wakubwa. Hapakujengwa ukuta, reli ilitosha.

Hapo hapo mauti yalipita. Tarehe 2 Novemba 1914 manowari ya Waingereza ilifika, mkuu wake akautaka mji usalimu amri, akawapa wenye mji muda wa kujibu. Muda ule uliwaponza wenzake, maana von Lettow-Vorbeck alileta askari kwa gari la moshi kutoka upande wa Moshi. Waingereza walishusha watu wapatao 8,000, wengi wao Wahindi. Waliowangojea walikuwa kama 1,000 tu, wengi wao askari Waafrika. Tarehe 4 baadhi ya Wahindi waliivuka reli, wakapigana mitaani hata karibu na bandari, kisha wakarudishwa nyuma. Risasi zilipasua mizinga ya nyuki mitini, nyuki wakauma watu bila kuuliza bendera. Basi siku ile mizinga ya asali ilipigana pamoja na mizinga ya baruti. Kesho yake Waingereza walirudi merikebuni, wakaacha bunduki mamia na risasi zaidi ya 500,000. Majemadari wameandikwa vitabuni. Mpagazi aliyejitwika masanduku ya risasi hakuandikwa jina, na kwangu mimi yeye ndiye wa kuulizwa habari zake kule barazani, maadamu wajukuu wake wangali hai.

Ukivuka reli, litazame boma la Wadachi, ambalo limetengenezwa likawa makumbusho. Si kila jengo lililopata bahati hiyo. Nyumba ya mawe na chokaa hustahimili jua miaka mia. Adui yake ni mvua. Paa likitoboka, maji huingia ukutani, chokaa hulegea, boriti huoza, na baada ya masika machache hubaki kifusi. Zitazame nyumba hizo mapema.

Mwenye nafasi na avuke kwa mtumbwi mpaka Kisiwa cha Toten, mbele ya bandari. Huko, ndani ya vichaka, mna magofu ya misikiti na makaburi ya watu walioishi hapo kabla Mdachi hajatia nanga.