MTU AKITOKA JELA AENDE WAPI?
(Maneno ya kamati mkutanoni. Wasiofika wasome hapa.)

Ndugu wanachama, mmetuuliza kwa nini tumemwandika tena daftarini kijana aliyefungwa kwa wizi wa pamba ghalani. Hasira yenu tunaielewa, pamba ilikuwa yetu sote.

Lakini kifungo amemaliza. Tangu arudi hakuna aliyempa kibarua. Hata kilabuni watu wanahama benchi. Sasa ale nini, jamani? Mwenye njaa, tena hana wa kumwonea haya, ghala atalitazama tena.

Huko Kanada, mji wa Hamilton, mwaka 1994 alitoka gerezani mtu aliyewanajisi watoto. Hilo si la pamba! Watu waliogopa, polisi wakamchunga. Waumini wachache wa kanisa la Mennonite (kama hawa wa Shirati) wakajitolea kumsaidia kupata makazi, kuongea naye kila siku, na kumwuliza waziwazi alikokuwa. Hakurudia kosa mpaka alipokufa. Vikundi kama hivyo vikaenea hadi Uingereza, na waliochunguza Kanada waliona wenye vikundi wanarudia makosa kidogo kuliko wenzao.

Funguo za ghala hatumpi, hapana. Atalima shamba la ushirika pamoja na wajumbe wawili, na kila Ijumaa atakaa na kamati atueleze wiki ilivyokwenda. Tunahitaji watu wawili zaidi wa kuwa naye karibu. Mwandikieni katibu majina kabla ya palizi.