Nani Kamkataa Nani? Uboho, Mwili na Kitenzi Kimoja cha Kiswahili

Tangu Hospitali ya Muhimbili ilipopandikiza figo kwa mara ya kwanza mwaka 2017, kitenzi kilichobeba mzigo wote wa hofu ya ndugu wa mgonjwa ni kukataa. Figo ikishindwa kukaa, husemwa mwili umeikataa, na anayeambiwa huelewa bila kufafanuliwa: kinga ya mgonjwa imekiona kiungo kigeni ikakipiga vita. Sina ugomvi na neno hilo. Ugomvi unaanza linapohamishwa lilivyo kutoka kwenye figo kwenda kwenye uboho, maana uboho ndio karakana ya chembe za damu, zikiwemo za kinga. Anayepandikizwa uboho wa mwenzake anapokea na askari wake. Basi mwili waweza kuukataa uboho, lakini uboho nao waweza kuukataa mwili, ukaanza kushambulia ngozi, utumbo na ini la yule uliyeletwa kumponya. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni kaja, na mwenyeji ndiye anayeugua.

Kwa watu wa Shinyanga na Geita suala hili si la mbali. Matone ya damu ya watoto wachanga zaidi ya 17,000 wa kaskazini-magharibi mwa nchi, mikoa hii ikiwemo, yalipopimwa ugonjwa wa kurithi wa selimundu katika Hospitali ya Bugando, karibu mtoto mmoja kati ya watano alikutwa amerithi jeni ya ugonjwa huo kutoka kwa mzazi mmoja, na zaidi kidogo ya mmoja kati ya mia alikuwa na ugonjwa wenyewe. Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuwapandikiza uboho watoto wenye selimundu, wakichangiwa na ndugu zao wa damu. Mtoto anayepitishwa Nzega na Singida kwenda kutibiwa huko atarudishwa nyumbani kwa barabara ileile, na atakayemwona wa kwanza akibadilika si daktari bingwa, ni mama yake.

Na mama huyo ataona nini? Vipele viganjani na nyayoni, ambavyo juu ya ngozi nyeusi havionekani vyekundu kama vitabu vinavyodai, bali huonekana kama weusi uliokolea au zambarau. Kuharisha. Macho ya manjano. Hilo la mwisho ndilo linalonitisha zaidi, kwa sababu mtoto wa selimundu mara nyingi amekuwa na macho ya manjano tangu akiwa mdogo. Familia imekwisha kuyazoea. Likija umbo la muda mrefu la ugonjwa huu wa uboho kuukataa mwili, kinywa na macho hukauka na ngozi hukakamaa. Zamani mpaka kati ya umbo la mapema na hilo la baadaye uliwekwa kwa kalenda, siku 100 baada ya kupandikizwa. Tangu mwaka 2005 wataalamu wamependekeza dalili ndizo ziamue, si tarehe. Kwa hiyo kumwambia mzazi kwamba siku 100 zikipita hatari imekwisha ni kumdanganya.

Sasa tutazame sarufi yenyewe. Mwili na uboho vyote huchukua kiambishi u-. Muuguzi akiandika kwa mkato umeukataa, sentensi haisemi nani kamkataa nani. Tukikimbilia mgeni na mwenyeji tunapata amemkataa, na utata ni uleule. Wako wanaotafsiri jina la Kiingereza la ugonjwa huu neno kwa neno: pandikizi dhidi ya mwenyeji. Masikio yangu yanasikia tangazo la Simba dhidi ya Yanga, tena bila kujua nani anashambulia. Lakini ukisema chembe, lugha inajinyoosha yenyewe: chembe zimeukataa mwili, mwili umezikataa chembe. Viambishi vimemtaja mshambuliaji. Ndiyo istilahi ninayoitetea: chembe kuukataa mwili.

Nitaambiwa wagonjwa hawa ni wachache, na daktari anatosheka na kifupisho chake cha Kiingereza. Daktari, ndiyo. Ila kinga, katika Kiswahili kilicholelewa na miaka ya UKIMWI, ni kitu chema kinachotakiwa kuongezwa. Familia ikielewa kwamba mwili wa mtoto ndio dhaifu, itamtafutia dawa za kuongeza kinga, au itaacha vidonge vya kuituliza kwa sababu mtoto anaonekana mzima. Kwa selimundu vita hivyo vya chembe dhidi ya mwili havina faida yoyote. Katika saratani ya damu chembe ngeni huweza kuua masalia ya saratani, lakini mtoto wetu hana saratani ya kuuawa.

Pingamizi zito zaidi ni jingine. Mtoaji ni dada au kaka. Kusema chembe zake zinamla mdogo wake, katika ukanda ambako vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu ya moshi wa jikoni, je, si kupanda shutuma ndani ya nyumba? Hatari hiyo ipo, na ndiyo maana nakataa kauli ya damu ya dada yako inakushambulia. Mwaka 1966 mwanasayansi wa kinga, Billingham, alieleza masharti matatu ya ugonjwa huu: chembe zilizopandikizwa ziwe na uwezo wa kinga, mpokeaji awe na alama za mwilini ambazo mtoaji hana, na asiwe na nguvu ya kuzifukuza chembe hizo. Katika yote matatu hakuna nia ya mtu. Chembe haina kijicho.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaoandika karatasi ya kumruhusu mtoto arudi Kahama au Geita ni dogo. Juu ya orodha ya vidonge, kwa herufi zinazosomeka, waandike: chembe zikiukataa mwili, utaona ngozi, kinyesi na macho vikibadilika, usiache dawa, mrudishe siku hiyohiyo.