Mguu Unaobaki Chini: Kupiga na Kujibu Teke la Ubavu kwenye Mchanga wa Tabora

(Mada kwa walimu wa karate na ngumi na mateke, Tabora)



Asubuhi, kabla hatujaingia ukumbini, niliwaomba watano kati yenu mvue viatu, msimame chini ya mwembe ule wa uani, kila mmoja apige teke la ubavu hewani mara kumi. Mkadhani natazama teke. Mlipokwenda kunywa chai nilibaki nimeinama nasoma mchanga. Wawili wameacha alama ya nusu mwezi: vidole vimebaki palepale, kisigino kimezunguka. Wawili wameacha shimo, kama mtu aliyekanyaga akakwama. Wa tano ameacha shimo na mfereji mfupi kando yake. Mguu wake uligoma kuzunguka, halafu uzito wa mwili ukauburuza kwa nguvu. Huyo wa tano ndiye aliyerusha mguu juu kuliko wote, na ndiye mliyempigia makofi.

Leo nazungumza na huyo wa tano, na sisi tuliompigia makofi.

Teke lenyewe

Sitawachosha kwa mambo mnayoyajua. Goti linapanda mpaka karibu na kifua, nyayo inatazama chini, nyonga inalala upande, kisha mguu unanyooka kumwendea mtu na kumgonga kwa kisigino au kwa ukingo wa nje wa nyayo, ule Wajapani wanaouita sokuto. Mguu unarudi kwa njia ileile uliyoendea. Likisukumwa kwa kupenya ni kekomi, likirushwa kama mjeledi ni keage. Yote mawili ni yoko geri.

Tunapofundisha, macho yetu yako kwenye mguu unaoruka. Lakini nyonga hailali upande mpaka kisigino cha mguu wa kusimamia kigeuke na kumwelekea mpinzani. Kisigino kikigoma, mfupa wa paja unagota kwenye nyonga na teke linaishia hapo. Mpigaji mwenye kiburi hakubali kuishia hapo. Anajipinda, anajivuta, na ule mzunguko uliokosa pa kwenda unashuka kwenye goti la mguu uliosimama. Goti ni bawaba ya mlango: linakunja na kukunjua. Ukitaka lizunguke kama usukani, litakatika.

Naijua habari hii kwa kosa langu mwenyewe. Kiangazi kimoja, miaka mingi sasa, nilikuwa na kijana mwepesi sana, miguu mirefu, mwenye kusikia. Tulifanya mazoezi chini ya miembe, peku, mchanga umekauka mpaka unazamisha kidole cha gumba. Nikawa nasimama mbele yake nimeshika pedi, naiinua kidogo kila akigonga, namwambia: panda, panda tena. Akapanda. Mara ya nne au ya tano nikasikia mlio mdogo, kama kijiti kikavu kinachovunjwa ndani ya nguo. Hakupiga kelele. Alikaa chini, akashika goti la kushoto, lile ambalo halikupiga kitu chochote. Mpaka leo akipanda baiskeli anaanza na mguu wa kulia.

Nilirudi pale alipokuwa amesimama nikakuta shimo na mfereji. Tangu siku hiyo nasoma mchanga.

Sakafu lilikozaliwa teke

Ukitazama teke hili lilikotoka, utaona kwamba teke la ubavu la juu si la zamani sana. Karate ya Okinawa ya wazee ilipiga ubavu kwa chini. Katika Goju-ryu, mtindo ulioasisiwa na Miyagi Chojun (1888–1953), teke la ubavu tunalolikuta ndani ya kata kama Sanseru na Kururunfa ni kansetsu geri, mkanyago wa kuvunja goti au kifundo. Linashuka, haliruki. Funakoshi Gichin alipoipeleka karate Japani bara mwaka 1922, ikaota mizizi katika vyuo vikuu, na humo, hasa kwa mkono wa mwanawe Gigo, mateke yakapanda. Kata zile ambazo Okinawa zinapiga teke la mbele, katika Shotokan, mtindo wa Funakoshi, zinapiga la ubavu. Linganisheni kata za Pinan za Okinawa na Heian za Shotokan mtaona wenyewe.

Kwa mawazo yangu hili ni jambo la sakafu. Mbao laini, iliyofutwa kila jioni, inaruhusu nyayo kuteleza kama mfuniko wa chungu. Mchanga wa Unyamwezi hauruhusu.

Kwetu Tanzania, wengi wa mtindo wa Goju-ryu tunahesabu ukoo wetu kutoka kwa Sensei Nantambu Camara Bomani, Mmarekani mweusi aliyefundisha Dar es Salaam katika miaka ya 1970, kwenye dojo ya Zanaki. Mwalimu wangu mimi alishuka na treni ya reli ya kati akiwa na mkanda wake na ndala. Alichotufundisha alifundishwa ndani ya ukumbi, naye akatufundisha uwanjani neno kwa neno, pamoja na maneno ya sakafu: telezesha, zungusha, sukuma. Sisi tukitelezesha tunachimba.

Kuna mzee mmoja, nitamwacha bila jina maana yuko humu, hupenda kusema kwamba Mnyamwezi hahitaji kufundishwa miguu. Babu zetu walibeba mizigo ya ratili sitini, sabini, na pembe za ndovu begani, kutoka huku mpaka Bagamoyo, miezi mitatu njiani, kisha wakageuka. Ni kweli, na miembe iliyoachwa kandokando ya njia ile ya misafara ndiyo inayotupa kivuli cha mazoezi. Ila, mzee wangu, ile ni miguu ya kwenda mbele. Pagazi hakutembea ubavu. Vijana wetu leo wanaendesha baiskeli zenye magunia ya mkaa, mapaja yao kama magogo, lakini mwambie mmoja asimame kwa mguu mmoja, ainue wa pili kando mpaka usawa wa kiuno, aushike hapo mpaka ahesabu kumi. Saba hivi anatetemeka. Misuli ya ubavu wa nyonga haijaitwa kazini maisha yake yote. Mimi kila darasa naanza na zoezi hilo, kabla ya teke lolote, wakiwa wameshika bega la mwenzao.

Kupiga kwenye mchanga

Tunageuza kisigino kabla, si wakati wa kupiga. Basi.

Hatua inayofaa kuliko zote hapa kwetu ni ile ya kupitisha mguu wa nyuma nyuma ya ule wa mbele. Mguu unaotua uwe umeshageuka hewani, kisigino kikimtazama mpinzani, ukiwa bado hauna uzito. Ukishatua hivyo, hakuna tena cha kuzungusha. Mchanga unaokushika sasa ni rafiki, unakupa pa kusukumia. Alama yake chini ni nyayo moja safi iliyogeuka, bila shimo wala mfereji. Anayepiga akiwa amesimama palepale, bila hatua, ajinyanyue kidogo kwanza, mwili uwe mwepesi nusu ya pumzi, ndipo ageuke.

Kiangazi, mwisho wa teke uwe mkanda. Mvua zikianza Novemba mchanga unashikana na nyayo inazunguka juu yake badala ya kuzama. Hapo mruhusuni anayeweza apande mpaka kifuani. Lakini Novemba ndio mwezi wa maembe pia, na kokwa iliyofukiwa nusu kwenye mchanga ina hatari kuliko mpinzani. Fagieni.

Kulijibu

Anayesubiri teke la ubavu limfikie ndipo alikinge amechelewa. Lina uzito wa nyonga nzima nyuma yake. Nimeona mkono ukivunjika kwa kuteremshwa juu ya kisigino kinachokuja, na aliyevunjika alikuwa amekinga sawasawa kama kitabu kinavyotaka.

Zipo saa mbili za kulijibu. Ya kwanza ni goti linapopanda. Kati ya goti kuinuka na mguu kunyooka kuna upenyo, na katika upenyo huo mpigaji ana mguu mmoja chini na teke lake bado liko mfukoni. Ingia. Usiingie kwa kuruka, ingia kwa hatua fupi, mkono wa mbele ukigusa goti au paja lake, kifua karibu na kifua. Teke la ubavu linahitaji nafasi ya mguu mzima. Ukimnyima nafasi, anabaki kama mtu anayetaka kufungua mlango huku amesimama nyuma yake. Ngumi moja ya tumbo inatosha. Kwa aliyechelewa kidogo, goti lake mwenyewe la mbele liinuke lipokee, mguu kwa mguu, kabla lile halijanyooka.

Usitazame nyayo. Bill Wallace, Mmarekani aliyetwaa ubingwa wa dunia wa uzani wa kati mwaka 1974 na kustaafu 1980 bila kushindwa, aliumia goti la kulia kwenye judo mwaka 1966, akabaki na mguu mmoja wa kupigia, wa kushoto. Kutoka kwenye goti lilelile lililoinuliwa namna ileile alitoa la ubavu, la kuzungusha na la ndoana. Waliosubiri kuona nyayo inakwenda wapi walilala. Na ninyi mnaoandaa wapiganaji wa pointi, fikirini jambo hili upande wa pili: mwanafunzi mwenye mateke matatu yanayoanza tofauti ana mateke matatu, mwenye matatu yanayoanza sawa ana mafumbo.

Saa ya pili ni mguu unaporudi. Hapa hatua ni ya pembeni, kuelekea mgongoni kwake, nusu hatua tu, teke likupite kiunoni. Aliyepiga teke la ubavu amekupa mgongo wake kwa hiari, na akilegea kuurudisha mguu, atautua mbele yako akiwa amegeuka. Hapo karate na ngumi na mateke zinaachana. Katika kanuni za shirikisho la karate la dunia mgongo ni sehemu ya pointi: teke la pale ni waza-ari, pointi 2, kama la tumboni, la kichwani ni ippon, 3. Katika ngumi na mateke za shirikisho la WAKO mgongo ni mwiko, hivyo jibu lenu liende kichwani kwa la kuzungusha au mjisogeze zaidi mpate mbavu. Nasisitiza maana tunao vijana wanaocheza kote kuwili, na nimeshaona mmoja akipokonywa pointi kwa jibu zuri kabisa la karate. Wengi wao wameingia upande wa ngumi na mateke kwa sababu ya jina la bingwa wetu Japhet Kaseba, wakidhani ni karate yenye glovu. Sivyo.

Lipo jibu la tatu, nalo linapiga kile nilichokuwa nikikisema tangu asubuhi: mguu wa kusimamia. Mwaka 1988 huko Las Vegas, Rick Roufus, Mmarekani wa mtindo ule wa kusimama ubavu, alimvunja taya Changpuek Kiatsongrit wa Thailand katika raundi ya kwanza. Changpuek akaendelea kumpiga mapaja, raundi baada ya raundi, mpaka Roufus hakuweza kusimama. Wamarekani walikuwa hawajazoea teke la chini. Mnaocheza kanuni zinazoruhusu paja, fundisheni hilo. Fundisheni pia kinga yake, nayo ni kurudisha mguu haraka. Teke lililotupwa likaachwa hewani ni mwaliko.

Kufagia mguu wa kusimamia nakukataza kabisa kwenye viwanja vyetu. Kwenye sakafu mguu uliofagiwa unateleza na mtu anaanguka matako, mnacheka. Kwenye mchanga mguu haujitoi shimoni. Mwili unakwenda, nyayo inabaki, na katikati yake ni goti. Vilevile kansetsu geri: tuilinde ndani ya kata, tuipige kwenye mfuko, tusiipige kwa mwenzetu hata kwa utani. Mashindano yanaikataza na yana haki. Ingawa, nikiri, kwa binti anayerudi nyumbani jioni peke yake hilo ndilo teke la ubavu ningependa alijue kuliko yote. Halihitaji kupanda, halihitaji sakafu, na linapigwa hata kwa sketi na ndala.

Muda umekwisha, naona mwenyekiti ananitazama. Baada ya chakula tutoke tena chini ya mwembe. Nimeshasawazisha mchanga kwa tawi, msipite juu yake. Mje peku, wawili wawili: mmoja apige kumi kwa hatua ya kupita nyuma, mwenzake asitazame teke, achuchumae asome alichoacha chini. Yule wa tano wa asubuhi aanze.