Nani Anajua Mpaka wa Shamba Lenu?

(Muziki wa kufungulia kipindi. Unashuka taratibu.)

Kama umekaa nje unasubiri zamu yako ya maji, sogea karibu na redio. Kama unasikiliza kwa simu, ongeza sauti kidogo na jirani naye asikie. Leo tunakwenda Rumonge.

Wewe uliyetoka kule huhitaji kuelezwa njia. Lakini kuna watoto waliozaliwa hapa kambini, kwa hiyo niwaeleze. Ukitoka Bujumbura unafuata ziwa kwenda kusini kama kilomita 70. Mkono wa kulia ni Tanganyika, mkono wa kushoto ni milima. Katikati kuna ukanda mwembamba wa tambarare, na huko ndiko michikichi imejaa. Mawese yanayoungwa kwenye maharage na sombe katika nyumba nyingi za Burundi yanatoka ukanda huo. Usiku ambao hakuna mbalamwezi, taa za wavuvi wa ndagala zinaonekana mbali ziwani kama kuna mji mwingine juu ya maji.

Sasa nakuuliza, ndugu yangu. Sehemu yenye mawese, yenye ndagala na mukeke, mvua inanyesha na udongo unazaa. Kwa nini kule kuna watu wengi wasio na hata mahali pa kupanda mhogo? Yule anayebeba mikungu ya chikichi kichwani tangu alfajiri, mara nyingi mti si wake. Yule mama anayechemsha chikichi kwenye pipa, moshi ukimuumiza macho, analipwa kwa siku. Kijana anayevuta wavu usiku kucha anasubiri mwenye mtumbwi na taa achukue fungu lake kwanza. Tukisema kwamba Rumonge ni maskini tunakosea. Rumonge ina mali. Swali ni mali hiyo iko mikononi mwa nani, na ilifikaje huko.

Turudi nyuma kidogo. Tarehe 29 Aprili 1972 waasi walishambulia kusini mwa nchi, na Rumonge ilikuwa kati ya sehemu za kwanza. Watu waliuawa. Kisha serikali ya wakati ule ikajibu kwa mauaji yaliyoenea nchi nzima na kuchukua maelfu kwa maelfu ya watu. Waliobaki wazima wakakimbia. Wa kandokando ya ziwa wengi walivuka kwa mitumbwi kuja Kigoma au kwenda Kongo. Babu yangu mzaa mama alikuwa mmoja wao. Alipelekwa Ulyankulu, mkoa wa Tabora. Wengine wakapelekwa Katumba na Mishamo. Mama yangu alizaliwa Ulyankulu, na mimi pia.

Huku nyuma mashamba hayakubaki matupu. Serikali ilikuja na mradi mkubwa wa michikichi. Ardhi iliunganishwa, ikapimwa upya, ikapandwa miche ya kisasa kwa mistari iliyonyooka, kisha ikagawiwa viwanja viwili vitatu kwa watu tofauti. Wengine walikuwa wenyeji, wengine waliletwa kutoka milimani. Ukitazama kwa jicho la maendeleo, mradi ulifanya kazi. Miti mipya ilizaa vizuri na mawese yakaongezeka. Lakini mwenye shamba la zamani alikuwa uhamishoni, na hakuna aliyemwuliza. Mipaka yake ilifutwa pamoja na miti yake.

Halafu ikaja sheria ya ardhi ya mwaka 1986. Sheria hiyo ilimpa haki mtu aliyekalia ardhi kwa miaka 30. Chukua 1972, ongeza 30. Unapata 2002. Mwaka huo babu yangu alikuwa bado analima tumbaku Ulyankulu, hajui kwamba kule nyumbani hesabu ya miaka inakwenda.

Sikiliza vizuri hapa, maana sitaki mtu atoke kwenye kipindi hiki akiwa na hasira na jirani. Yule aliyekuwa kwenye shamba la babu si lazima awe mwizi. Wengine walipewa na mradi na karatasi mkononi. Wengine walinunua kwa pesa yao. Wengine wamezaliwa pale na hawana kwingine. Burundi ni nchi ndogo yenye watu wengi, na familia nyingi zinaishi kwa shamba lisilozidi nusu hekta. Ukimtoa mtu kwenye nusu hekta hiyo, umemfanya mkimbizi ndani ya nchi yake. Kosa lilifanywa na wakubwa, deni likaachiwa familia mbili maskini ziligombanie.

Mkataba wa Arusha, uliotiwa saini tarehe 28 Agosti 2000, ulisema jambo kubwa kwa watu kama sisi. Ulisema kila mkimbizi arudishiwe mali yake, hasa ardhi yake, na ikishindikana alipwe fidia ya haki. Mwaka 2006 ikaundwa tume ya ardhi na mali nyingine, ile tuliyoizoea kwa jina la CNTB. Mwanzoni tume ilipendelea kugawana: aliyerudi achukue sehemu, aliyepo abaki na sehemu. Baadaye uongozi wake ulipobadilika, ikaegemea kumrudishia shamba lote yule aliyekimbia. Magomvi yakaongezeka, watu wakazuia utekelezaji, na mwaka 2014 ikaundwa mahakama maalumu ya ardhi. Muda wa tume uliisha mwaka 2022. Kesi hazikuisha nayo. Kuna waliopelekwa kwenye vijiji vya amani, kama kile cha Mutambara hukohuko Rumonge. Walipata nyumba, lakini nyumba bila shamba haijazi sufuria.

(Muziki mfupi.)

Sasa nikusimulie ya kwetu, kwa sababu nadhani inafanana na ya kwako.

Tulirudi Rumonge mwaka 2008. Nilikuwa na miaka sita. Babu alisimama kando ya barabara, akatazama michikichi iliyopangwa kwa mistari, akasema, "Hapa palikuwa na mwembe wa baba yangu." Mwembe haukuwepo. Ndani ya shamba kulikuwa na familia nyingine, na baba wa familia ile alikuwa amepewa kiwanja na mradi. Kesi ilichukua muda mrefu. Mwishowe wazee waliwaketisha pamoja, wakakubaliana kugawana nusu kwa nusu. Babu hakufurahi. Yule jirani naye hakufurahi. Lakini walipeana mkono, na karatasi ikaandikwa. Siku iliyofuata mama yangu na mke wa jirani walipanda minyaa pamoja kuwa mpaka, mmoja anachimba, mwingine anashika mche.

Mwaka 2015 tukakimbia tena. Wengi wenu mnaijua njia ile: Nyanza-Lac, halafu Kagunga, watu wamelala mchangani, kipindupindu, kisha meli ya Liemba mpaka Kigoma, uwanja wa mpira, basi, kambi. Babu alikuwa ameificha ile karatasi ndani ya shati. Ilifika. Babu alifariki hapa kambini, tukamzika hapa.

Mwaka jana ikaja simu kutoka Rumonge. Minyaa imekatwa. Mtu analima hadi upande wetu. Mjomba wangu, ambaye alibaki Ulyankulu na hajawahi kulala usiku hata mmoja kwenye shamba lile, akampigia mama. Akasema, "Dada, soma karatasi, mpaka unapita wapi?" Mama akanipa mimi nisome. Karatasi inasema "nusu ya shamba". Haisemi nusu ipi. Haitaji mto, haitaji jiwe, haitaji jina la jirani wa juu wala wa chini.

Mama akachukua kipande cha boksi na mkaa, akachora. Kijito hiki hapa. Jiwe kubwa hili hapa, watoto walikuwa wanalichezea. Kutoka kwenye jiwe hadi barabarani, michikichi kumi na minne. Mimi nikanakili kila kitu kwenye daftari, nikapiga picha kwa simu, nikamtumia mjomba. Alishukuru sana. Akasema, "Sasa sisi wanaume tutajua la kufanya."

Mama aliendelea kuutazama ule mchoro. Kisha akaniuliza mimi, hakumwuliza kaka yake: "Na mimi hapa, niko wapi?"

Sikuwa na jibu. Ndugu msikilizaji, wewe unajua kwa nini aliuliza. Burundi bado haina sheria iliyoandikwa ya urithi wa ardhi. Inafuatwa mila, na kwa mila shamba la baba ni la watoto wa kiume. Binti akipewa kipande, anapewa akitumie tu. Kwa hiyo mtu pekee aliye hai katika familia yetu anayejua mpaka ulipo, aliyeupanda kwa mikono yake, jina lake haliko popote. Tunalalamika kwamba mradi uligawa shamba la babu bila kumwuliza. Sisi nasi tulikuwa tunafanya nini pale tulipompigia mama simu kwa ajili ya mchoro tu?

Nilimwambia mjomba hivyohivyo. Alinyamaza muda mrefu, mpaka nikadhani salio limeisha. Halafu akasema tutaongea kama familia. Bado tunaongea.

(Muziki mfupi.)

Basi nakuachia kazi ya wiki hii. Uwe unataka kurudi kesho, uwe hutaki kurudi kabisa, kazi hii ni yako. Kurudi ni kwa hiari, na shamba halikulazimishi kupanda basi. Lakini kumbukumbu ya mzee haisubiri.

Kwanza, chukua daftari. Andika jina la mlima, zoni na komini. Andika majirani wa pande zote nne. Andika kijito, jiwe, mti mkubwa, njia. Andika shamba lilipatikanaje: urithi, kununua, kupewa na mradi, au kugawana. Kama mligawana, andika ni upande upi.

Pili, andika majina ya mashahidi walio hai, wa huku na wa kule. Jirani mliyegawana naye ni shahidi pia. Huenda ndiye shahidi wako bora.

Tatu, kama una karatasi ya kesi, ya tume au ya komini, ipige picha na uifadhi sehemu mbili. Nakala ionyeshe, ya asili usimpe mtu kirahisi.

Nne, usiuze shamba kwa simu kwa sababu mgao umepungua. Pesa ile inaisha ndani ya mwezi, na watoto watakuuliza kwa miaka.

Tano, waite mabinti na wajane waketi wakati mnaandika. Wasiwe wa kuulizwa tu, majina yao yaandikwe. Na ndoa ambayo haijaandikishwa popote inamweka mama pabaya siku mume akifariki. Ulizeni kwenye dawati la msaada wa kisheria hapa kambini namna ya kupata vyeti. Kuuliza ni bure.

Na wewe kijana mwenzangu, ambaye hujawahi kuiona Rumonge ila kwenye hadithi: kaa na bibi yako jioni ya leo. Mwulize mpaka ulipita wapi. Shika kalamu.

Wiki ijayo tutakuwa na mtu wa msaada wa kisheria studioni. Leteni maswali yenu kwa wasikilizaji wa kikundi cha zoni yenu, au mje wenyewe. Mama yangu ameshaniambia atakuja, na swali lake mnalijua.

Tubaki na amani. Ijoro ryiza.

(Muziki wa kufungia kipindi.)